Seli za sola zinapasuka ukilehemu waya? Jaribu hivi

Pole mkuu, umesema seli zako sita zimepasuka siku moja ukizilehemu kwa chuma cha kulehemu cha wati 25, inauma. Ila kwa ulivyoeleza, hicho chuma ndio mchawi. Seli ina unene wa kama milimita 0.2 tu, sasa chuma kikiwa dhaifu joto linaliwa na ule utepe wa shaba unaounganisha seli, risasi ya kulehemu haiyeyuki, unaanza kukandamiza, paa, imekatika! Chukua cha wati 60 chenye ncha bapa, weka kama nyuzi joto 350 za Selsiasi hivi, halafu paka flaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike) kwenye ule mstari mweupe wa seli, usiiruke hii hata kama utepe umeshapakwa risasi. Seli ilale juu ya kipande cha mbao kilichonyooka (mimi niliwahi kutumia vigae, vikanyonya joto lote), shika utepe kwa kijiti, buruza chuma taratibu kwa uzito wake wenyewe, usisimame sehemu moja, usirudie rudie.

Utepe wa mbele (upande unaotazama jua), yaani hasi, unaunganishwa upande wa nyuma wa seli inayofuata, na acha nafasi kidogo katikati maana jua likiwaka vitu vinatanuka.

Kila ukimaliza seli itoe juani upime, ikupe karibu volti 0.5. Ufa mdogo usiuzibe na risasi, weka pembeni. Fungua madirisha, moshi wa flaksi sio mzuri, na nawa mikono kabla ya kula. Ukifika kwenye betri na chaja kontrola (kifaa kinachodhibiti uchajiji wa betri) muite fundi umeme.