Kiwanja usiuze kwanza

Mdogo wangu, uliniuliza kwenye simu: ukiuza kiwanja cha Kigamboni ukaja huku Los Angeles, kipaji chako cha kuigiza kitakutoa ndani ya mwaka mmoja? Shangazi naye anasubiri jibu, basi msome pamoja.

Mwaka hautoshi. Mtazame mwigizaji Edward James Olmos, yule Luteni Castillo wa tamthilia ya polisi "Miami Vice", maneno machache, macho makali. Kazaliwa hapahapa Los Angeles mwaka 1947, kwenye mitaa ya mashariki ya Wameksiko. Kiingereza chake, karatasi zake, nyumbani kwao. Na bado alibeba boksi, tena boksi kweli: alikuwa anasambaza fanicha za kale kwenye majumba ya watu, huku kwenye televisheni anapewa vipande vya kupita tu. Kabla ya hapo alikuwa mwimbaji wa roki. "Zoot Suit", mchezo wa jukwaani wa Luis Valdez, ulimkuta mwaka 1978 akiwa na miaka 31. Humo alicheza El Pachuco, mhuni mtanashati wa Kimeksiko mwenye suti pana. Mwaka uliofuata mchezo ukafika Broadway, kwenye majukwaa makubwa ya New York, akateuliwa kuwania Tony, tuzo kubwa ya michezo ya jukwaani.

Umeona kilichomtoa? Mtaa wake. Hata Oscar aliteuliwa kwa "Stand and Deliver" ya 1988, akimwigiza Jaime Escalante, mwalimu wa hesabu wa shule ya mitaa hiyohiyo, na akanenepa makusudi ili afanane naye. Hakuipata. Filamu ya kwanza kuiongoza kwenye sinema, "American Me", ya magenge ya gerezani, ilitoka 1992. Mtu ana miaka 45!

Utanitajia Lupita, najua. Kweli Lupita Nyong'o alichukua Oscar 2014 kwa filamu yake kubwa ya kwanza, lakini alikuwa ametoka kusomea uigizaji Yale, chuo kikuu chenye jina huku Marekani. (Tena kazaliwa Mexico City, wengi hawajui.) Wewe Yale unaijua njia?

Mimi mwenyewe nimejaribu, sikuwahi kuwaambia. Nilikwenda kwenye usaili mara mbili. Mara ya pili nikaambiwa niongee kwa lafudhi ya Kiafrika. Nikaongea kama ninavyoongea siku zote. Wakasema hapana, iwe ya Kiafrika zaidi. Nilicheka hadi kwenye basi, halafu nikaacha kucheka. Sasa naogesha wazee, natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na zile picha za ufukweni mnazozipenda nilipiga siku moja zote, nikabadilisha mashati.

Kwa hiyo kiwanja kiache. Zile filamu fupi mnazorekodi na wenzako Temeke, endeleeni nazo, kwa Kiswahili chenu, nitumieni niwawekee maandishi ya Kiingereza. Ukija kutembea, kochi la sebuleni lipo. Uje na koti. Watu husema huku joto, usiku wa Januari wanakuwa wamelala.