Chaneli kuwa kimya kwako haina maana kwamba iko wazi

Mkuu, umeuliza kama kwenye mradi wako wa mwaka wa mwisho unaweza kuachana kabisa na kanzidata ya masafa, yaani orodha ya kuuliza chaneli zipi ziko wazi mahali ulipo: kila redio ijisikilizie yenyewe, ikikuta chaneli kimya iingie. Mimi kazi yangu ni kufunga linki za intaneti zisizo na waya za 5 GHz kwenye mapaa na minara. Jibu langu ni hapana.

Kuna linki tuliyokuwa tukiihudumia, mnara uko kilimani, mteja yuko bondeni. Jioni watu wakirudi nyumbani, spidi inaanguka. Tukaskani masafa kutoka mnarani, chaneli safi kabisa. Tukaskani kwa mteja, chaneli ile ile imejaa mawimbi ya mtoa huduma mwingine aliye nyuma ya kilima, antena zake zikielekea bondeni na kuupa mnara wetu mgongo. Tulipochagua chaneli kwa kufuata skani ya mteja, linki ikatulia.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Mwingiliano unaumiza kipokezi, lakini redio yako inasikiliza ikiwa kwenye kisambazaji. Televisheni ya mtu sebuleni haitoi mawimbi ya kukuambia kwamba ipo. Ndiyo maana FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliyoruhusu mwaka 2008 vifaa vitumie chaneli za TV zilizo wazi kwa masharti ya kusikiliza pamoja na kanzidata, mwaka 2010 ililiondoa sharti la kusikiliza kwa vifaa vinavyojua mahali vilipo na kuuliza kanzidata.

Halafu kuna kelele. Ukitegemea kupima nguvu ya mawimbi tu, na makadirio yako ya kelele yakayumba desibeli 1 juu au chini, ishara iliyo chini ya takriban nusu ya nguvu ya kelele huwezi kuithibitisha hata usikilize kutwa nzima. Kuongeza muda hakusaidii. Wengi wanaoandika miradi hii wanaliruka jambo hili, na linanikera.

Sisemi kusikiliza hakuna kazi. Kwenye chaneli za 5 GHz zenye rada, redio husikiliza kwanza angalau sekunde 60 kabla ya kurusha. Ikigundua rada inahama ndani ya sekunde 10 na hairudi hapo kwa dakika 30. Hili linawezekana kwa sababu kwa kawaida rada hurusha na kupokea mahali pamoja, tena kwa nguvu kubwa. Ukiisikia, ujue nayo inaweza kukusikia.

Upande wa kugawa masafa, tazama mitandao ya simu ya LTE (4G) na 5G. Mnara haukisii hali ya simu yako. Simu yenyewe inaripoti inavyopokea, na mnara unagawa vipande vya masafa kwa kufuata ripoti hizo, kwenye LTE kila milisekunde 1. Nako Marekani, kwenye 3550 hadi 3700 MHz, vihisi vya pwani husikiliza rada za jeshi la majini na kuuarifu mfumo mkuu, ambao ndio unaowahamisha watumiaji wengine.

Kwa hiyo kwenye uigaji wako weka kilima kati ya redio inayosikiliza na kisambazaji cha mwenye masafa (aliyepewa haki ya kuyatumia), kisha kipokezi chake kiweke upande wa redio yako. Pima hasara pale kwenye kipokezi. Baada ya hapo ongeza redio tatu au nne zinazopeana taarifa, kisha kanzidata, na uchore matokeo yote kwenye grafu moja.