Jibu: Celtics ya Russell au Madrid ya Di Stéfano?

Mdau, umeuliza kati ya Boston Celtics, timu ya kikapu ya Marekani, na Real Madrid, klabu ya soka ya Hispania, utawala upi ulikuwa mgumu zaidi kuujenga. Mimi nasema Madrid. Celtics walitwaa ubingwa wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mara 8 mfululizo, 1959 hadi 1966, na nyota wao Bill Russell akamaliza na mataji 11 katika misimu 13. Namheshimu mno. Ila kwenye kikapu fainali huchezwa hadi mechi 7. Ukiteleza leo, keshokutwa unajirekebisha. Madrid walibeba Kombe la Ulaya la vilabu mara 5 mfululizo, 1956 hadi 1960, kila fainali mechi moja tu, na mshambuliaji wao Di Stéfano alifunga katika zote tano. Zote!

Sisi wa Tanga taji tunalijua uzito wake: klabu yetu ya soka, Coastal Union, walichukua ligi ya Tanzania 1988, na kijiweni kwetu, kikombe cha kahawa mkononi, wazee bado wanausimulia msimu ule.