Ukikabidhiwa nyumba ya cheo, amua kwanza kazi ikome mlango upi

Mwenzangu unayehamia nyumba inayotolewa na kazi, iwe ya mganga mfawidhi, ya mchungaji au ya mkuu wa wilaya, nakuandikia kwa sababu watoto wangu wamekulia katika nyumba za namna hiyo. Mume wangu ni mkuu wa shule ya bweni. Kabla hujatundika mapazia, kaeni wawili mkubaliane kazi itakoma mlango upi.

Hata White House, Ikulu ya Marekani, ilichukua zaidi ya karne nzima kulipata jibu hilo. Watu wakisikia ina vyumba 132 na mabafu 35 hudhani familia ina nafasi tele, kumbe sehemu kubwa ni kumbi za wageni na shughuli za serikali. Makazi yenyewe yako ghorofa za juu. Tangu John Adams alipoingia mwaka 1800, marais wengi walifanya kazi kwenye ghorofa ileile walikolala watoto wao. Enzi za Abraham Lincoln, waliotafuta vyeo walijazana ngazini na ukumbini kutwa, hadi kikawekwa kizuizi katika chumba cha kungojea ili rais aifikie familia yake bila kuzongwa. Ofisi yake ndiyo leo inaitwa chumba cha kulala cha Lincoln. Mwaka 1902 Theodore Roosevelt, mwenye watoto sita, alizihamishia ofisi katika jengo jipya la pembeni. Ghorofa ikabaki ya familia, na watoto wakaitumia kweli: mmoja alipougua, ndugu yake alimpandishia farasi wao mdogo kwa lifti hadi kitandani.

Wewe hujengewi jengo jipya, ila baraza unayo. Kwetu wageni wa kazi huishia hapo. Mzazi aliyesafiri usiku kucha anapewa kiti, maji na chai, na anasikilizwa kwa heshima zote, lakini sebuleni haingii. Mwalimu wa zamu akija na kesi usiku, mume wangu anatoka nje. Wapo watakaosema mnaringa. Vumilia, watazoea. Sebuleni kuna watoto wanaosoma darasa moja na mwanafunzi mwenye kesi, anayekaribia kusimamishwa masomo, na mtoto akishasikia siri ya mwenzake umemtwika mzigo asioweza kuubeba wala kuutua.

Pili ni meza ya chakula. Mwaka 1961 Jacqueline Kennedy, mke wa Rais Kennedy, aliweka jiko na chumba cha kulia kwenye ghorofa ya makazi, familia isilazimike kushuka chini kwenye vyumba vya shughuli ili ile. Nawe tafuta mahali pa kula pasipopitiwa na mgeni, hata kama ni mkeka uani nyuma ya nyumba.

Kwenye chakula chenyewe sina simile. Rais wa Marekani hapangi nyumba kwa kodi, lakini chakula cha familia na hata dawa yao ya meno analipia mwenyewe, na ankara huja kila mwezi. Nancy Reagan, mke wa Rais Reagan, aliishangaa sana ankara ya kwanza. Basi sukari ya stoo ya shule isiingie jikoni kwako, hata kikombe kimoja cha kuazima. Mpishi ataileta kwa moyo mweupe kabisa. Mshukuru, mrudishie. Watoto wanaona, na wanafunzi wanaopewa uji mwepesi wanaona zaidi.

Vivyo hivyo kazi za nyumbani. Michelle Obama, mke wa Rais Obama, aliwakataza watumishi kuwatandikia binti zake vitanda, na mama yake, Marian Robinson, aliyehamia nao mwaka 2009, alijifulia nguo mwenyewe. Kwetu wanafunzi huletwa kufagia ua wa mkuu, eti ni desturi. Nimewarudisha madarasani kila mara. Ua wangu unafagiliwa na wanangu. Na kama bibi au babu wa watoto anaweza kuja kukaa nanyi, mleteni: kwake mume wako ni mtoto tu, cheo kinabaki barazani.

Halafu kuna kuondoka, ambako wengi hawapendi kukutaja. Huko Marekani, tarehe 20 Januari saa sita mchana madaraka yanapokabidhiwa, watumishi huwa katikati ya kutoa vitu vya familia moja na kupanga vya nyingine, na yote huisha kwa saa chache. Barua ya uhamisho haitakubembeleza wewe pia. Siku ya kuingia, andika orodha mbili, vitu vya ofisi na vitu vyenu, mzisaini na anayekukabidhi. Godoro la mtoto, meza yake ya kusomea na vyombo vya jikoni viwe vyenu, ahame navyo. Na mkiweza, jengeni kwenu mapema, hata vyumba viwili. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa na Ikulu nzima ya Magogoni, aliishi na familia yake nyumbani kwake Msasani.