Kura ya maoni, na hili balaa la "Je, huamini?"

Msomaji ananiuliza hivi: "Mwalimu, shikamoo. Kila nikisoma habari nakuta 'kura ya maoni yaonyesha asilimia kadhaa ya wananchi hawana imani na bunge'. Mimi nijuavyo kura ya maoni ni ile watu wanapanga foleni kituoni wanajibu ndiyo au hapana. Sasa hawa waliopigiwa simu wakaulizwa maswali, walipiga kura gani? Ni Kiswahili sahihi hicho au tunazugwa?"

Marahaba. Mnazugwa kidogo, ila mwandishi naye hakukusudia, amekuta neno liko hapo akalibeba.

Kura ya maoni ina kazi nyingi tayari. Kenya walipopitisha katiba mwaka 2010 ile ilikuwa kura ya maoni, Zanzibar walipoulizwa mwaka huohuo kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa nayo ikawa kura ya maoni, halafu Tanzania vyama vikitafuta wagombea wao kwa ndani wanasema wako kwenye kura za maoni. Hapo tayari ni maana mbili, na bado tunataka neno hilohilo libebe na hii ya tatu ya kupigia watu simu. Matokeo yake unasoma kichwa cha habari "Fulani aongoza kura ya maoni" na mjomba wako anakuuliza uchaguzi umefanyika lini mbona hakuambiwa. Mimi nasema utafiti wa maoni. Watu wanahojiwa, hawapigi kitu. Ingawa kuna kichekesho kimoja: kura lenyewe ni neno la Kiarabu, asili yake ni ile bahati nasibu ya kuchagua mtu bila upendeleo, ndo maana tunasema kura imemwangukia fulani, na kwenye utafiti unaojiheshimu wahojiwa wanachaguliwa kwa nasibu kabisa. Kwa hiyo kura ipo, ila imewaangukia wao, hawakuipiga. Anayetaka kuendelea kusema kura ya maoni aendelee, nimeshachoka kugombana na vichwa vya habari.

Sasa tuongee kitu kinachoniuma kweli, maana umenichokoza mwenyewe ulipotaja asilimia za wasio na imani. Mnagombana na jina la utafiti na hakuna anayeuliza hao watu waliulizwaje. Yaani maneno gani, kwa mpangilio gani, kwa Kiswahili cha nani.

Chukua swali hili, nimelikuta kwenye madodoso, yaani orodha za maswali ya utafiti, zaidi ya mara moja na kila nikilikuta presha inapanda: "Je, huamini vyombo vya habari?"

Soma tena polepole.

Kuna hu- ya mazoea, kama "huamka saa ngapi?", yaani kwa kawaida unaamka saa ngapi. Na kuna hu- ya kukanusha, yaani ha- na u- ya wewe, "huamki?" Kwa vitenzi vyetu vya Kibantu hakuna shida kwa sababu mwisho wa neno unabadilika, husoma magazeti na husomi magazeti mtoto mdogo anazitofautisha. Lakini vitenzi vilivyotoka Kiarabu havina habari na kubadilika mwisho. Amini inabaki amini, kubali inabaki kubali, fikiri, dhani, shiriki, heshimu, thamini, zote zinabaki hivyohivyo. Sasa hebu angalia orodha hiyo halafu niambie mtu wa utafiti wa siasa na jamii anatumia vitenzi gani kutwa nzima. Ndo hivyohivyo! Mtu anayeuliza wakulima wanalima nini ana raha zake, hulima na hulimi, kazi imeisha. Anayeuliza imani, kukubali, kushiriki na kufikiri ameingia mtegoni kabla hajafungua mdomo.

Kwa hiyo "Je, huamini vyombo vya habari?" ni maswali mawili yaliyovaa sare moja kama mapacha: je, kwa kawaida unaviamini? Au: je, huviamini? Moja linaelekea kulia lingine kushoto. Na "Je, hushiriki mikutano ya siasa?" ni yaleyale, na "Je, hukubali maamuzi ya mahakama?" yaleyale.

Bado hatujafika kwenye jibu, hapo ndo tunamaliza kabisa. Mtu akiulizwa kwa kukanusha, "Hujala?", Kiswahili kilichotulia kinajibu "Ndiyo, sijala", yaani ndiyo, ulivyosema ni kweli. Akiwa ameshakula anasema "La, nimekula." Ndiyo yetu inakubali kauli ya muuliza, haijali kama kauli yenyewe ina kukanusha ndani yake. Lakini waliokaa sana darasani na Kiingereza wanajibu "Hapana, sijala", na siku hizi wako wengi na mimi siwafukuzi, ila maana yake ni kwamba hapana ya mtu mmoja na ndiyo ya mwingine zinaweza kuwa jibu moja.

Haya, piga hesabu na mimi. Mhojiwa amesikia mazoea akajibu ndiyo: anaviamini vyombo vya habari. Amesikia kukanusha akajibu ndiyo ya wazee: haviamini. Amesikia kukanusha akajibu hapana ya wazee: anaviamini. Amesikia kukanusha akajibu hapana ya darasani: haviamini. Amesikia mazoea akajibu hapana: haviamini. Mhojaji kijana wa watu ana tableti mkononi, kwenye skrini kuna viduara viwili tu, Ndiyo na Hapana, anabonyeza alichosikia anasonga mbele maana ana maswali mengine mengi na mhojiwa anataka kurudi kwenye shughuli zake. Jioni data inatumwa, inajumlishwa, inatoka asilimia yenye nukta na desimali. Desimali, jamani! Ya nini?

Wataalamu watasema tulieni, tumehoji watu 1,200, kiwango cha makosa ni asilimia 3 juu au chini. Sawa, hesabu hiyo siipingi, sampuli ya nasibu ya watu 1,200 inatosha kabisa hata kwa nchi kubwa. Lakini hiyo 3 inapima bahati ya kuwapata hawa badala ya wale. Swali bovu halimo humo. Ukihoji milioni kwa "huamini" utapata upuuzi uleule, ila umeulipia zaidi.

Na msije mkasema hili ni tatizo la Kiswahili, maana najua wapo wanaosubiri kusema hivyo. Waingereza na Wamarekani nao wamejikwaa, tena vibaya. Mwaka 1992 kampuni ya utafiti wa maoni ya Roper iliwauliza Wamarekani swali ambalo kwa Kiswahili ni kama hivi: unaona inawezekana au unaona haiwezekani kwamba mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi hayakutokea kamwe? Haiwezekani kwamba hayakutokea, umeona hiyo kona? Asilimia 22 wakajibu inawezekana, ikawa kelele nchi nzima, mmoja kati ya watano anatilia shaka historia! Mwaka 1994 wakarudia kwa maneno yaliyonyooka, waliosema inawezekana hayakutokea wakashuka hadi asilimia 1. Watu walikuwa hawajabadilika. Sentensi ndo ilibadilika.

Hata bila kukanusha mara mbili neno moja linatosha. Mwaka 1941 mtafiti Donald Rugg alichapisha matokeo ya Wamarekani waliogawanywa makundi mawili. Kundi moja likaulizwa, je, nchi iruhusu hotuba za hadhara za kupinga demokrasia? Asilimia 62 wakasema isiruhusu. Kundi la pili likaulizwa, je, nchi ipige marufuku hotuba hizo? Waliosema ipige marufuku ni asilimia 46. Kwa mantiki kutoruhusu na kupiga marufuku ni jambo moja, lakini masikioni marufuku ina virungu ndani yake, mtu anarudi nyuma. Sasa mfasiri wetu akipewa dodoso anaona ruhusu, kataza, zuia, piga marufuku, anachagua lililomjia kwanza kwa sababu kesho ndo mwisho wa kukabidhi kazi.

Halafu kuna "Je, unakubaliana kwamba". Hii nayo naichukia ila kwa upole kidogo. Waskoti walipokuwa wanajiandaa na kura yao ya mwaka 2014 (hiyo sasa ni kura ya maoni halali, msomaji wangu, foleni na kila kitu), serikali yao ilipendekeza swali, je, unakubali kwamba Scotland iwe nchi huru? Tume ya Uchaguzi ya Uingereza ikalijaribu kwa watu, ikasema hapana, linamsukuma mtu kuitika. Likabaki: je, Scotland iwe nchi huru? Fupi, halisukumi mtu. Kama Waskoti wanaweza kusukumwa na "unakubali kwamba", sisi je, ambao kuitika ni adabu? Mtu anaitika "ndiyo... ndiyo... naam" kwenye simu akimaanisha nakusikia endelea, na mhojaji mwenye haraka ameshabonyeza.

Maswali ya kubeba mawili kwa pamoja, "unaridhika na kazi ya rais na bunge?", sitayapotezea muda, kila mtu anajua ni makosa na kila mtu anaendelea kuyaandika.

Dawa ipo na haina gharama. Andika "unaamini au huamini?", pande zote mbili zimetajwa, na hiyo una- pale mwanzo inaifanya hu- ieleweke ni ya kukanusha tu. Au acha ndiyo na hapana kabisa, weka ngazi: unaviamini sana, kiasi, kidogo, huviamini hata kidogo. Au fanya kama Afrobarometer, wale wanaofanya utafiti wa maoni nchi nyingi za Afrika, msomee mtu kauli mbili zinazopingana halafu umuulize ipi iko karibu na mawazo yake. Kisha kabla ya kuchapisha mpe mtu ambaye hajaona dodoso la asili alirudishe lile la Kiswahili kwenye lugha lilikotoka, likirudi na sura nyingine ujue umeharibu, na umsomee kwa sauti bibi mmoja asiyekuogopa.

Na wewe msomaji, siku kura ikikuangukia ukapigiwa simu, ukasikia "je, huamini", usijibu ndiyo wala hapana. Sema "naviamini" au "siviamini" halafu nyamaza, duara la kubonyeza alitafute yeye.