Jibu: Maji ya bamvua yamefika kwenye uzio, tujenge ukuta?

Dada, pole sana. Umesema maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, yamegusa msingi wa uzio wenu hapo Kunduchi, Dar es Salaam, lipu ya ukuta wa nyumba inabanduka, na mumeo anaona ni bahari tu kama kawaida yake. Nimeishi pwani muda mrefu. Naona mna matatizo mawili mnayoyachanganya.

Lipu kubanduka mara nyingi ni kazi ya chumvi, hasa kama tofali zilifyatuliwa kwa mchanga wa baharini. Chumvi huitia nondo kutu, kutu huvimba, zege linapasuka. Kupaka rangi juu yake ni kutupa hela. Banduweni mpaka mfike sehemu isiyoharibika, nondo isuguliwe, mpige lipu upya kwa mchanga wa mtoni na maji yasiyo na chumvi.

Ufukwe kuliwa ni jambo jingine. Piga picha kila bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ukisimama palepale. Machi na Septemba usikose, ndipo maji hupanda zaidi. Mwonyeshe mumeo hizo picha.

Ukuta wa kuzuia bahari msiukimbilie! Wimbi likiugonga hurudi na mchanga wa chini yake, na jirani wa pembeni anaumia. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inabana shughuli ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo anzieni NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Mkiona ufa unapanuka au sakafu inazama, hameni chumba hicho siku hiyohiyo, muite mhandisi aliyesajiliwa. Fundi wa mtaani hapo hatoshi.