Kikoba chetu kinaenda Newala, tulale au turudi siku hiyohiyo?

Anti shikamoo. Sisi ni wamama 19 wa kikoba hapa Chuno, Mtwara mjini. Mwaka huu tukivunja kikoba tumekubaliana hela tusigawane yote, ibaki kidogo twende Newala tukaone Shimo la Mungu, sasa mweka hazina anasema twende asubuhi turudi jioni hela isiishie gesti, wengine wanataka kulala, kuna mwenzetu goti linamsumbua, na wapo wanaosema kule hamna kitu ni kupiga picha bonde tu. Tufanyeje?
Mwanakikoba, Chuno

Marahaba mwanangu. Laleni.

Mtwara mpaka Newala kupitia Tandahimba ni kama kilomita 140, na Kosta yenye wamama 19 na mahotpoti ya pilau haikimbii jamani, mtasimama kununua mihogo, mtasimama kuchimba dawa, mnafika saa saba jua la utosi, nusu saa tu dereva kashaanza kupiga honi. Shimo la Mungu linataka asubuhi na mapema, ukisimama pale ukingoni ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu yako, chini kule bonde la Ruvuma, ng'ambo Msumbiji, na upepo unapanda toka bondeni unakupiga usoni mpaka khanga unaikaza fundo. Bebeni masweta, kule juu baridi ipo.

Sasa hao wanaosema hamna kitu wananiuma kweli, maana nyie wamama ndo mnaopaswa kwenda kuliko mtu yeyote. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na watu walipanda huko juu kukimbia vita. Wangoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara, mwaka 1882 waliivamia misheni ya Masasi na wamisionari wakahamia Newala. Juu usalama upo ila maji hakuna, udongo wa kichanga unayanywa yote yanakuja kutokea chini huko mabondeni, kwa hiyo mwanamke anashuka na mtungi alfajiri giza bado, anapanda nao kichwani, kesho tena. Miaka ya 1950 ndo mradi wa pampu ukaanza kuyapandisha maji. Bibi yangu alikua na duara utosini kama kisosi cha kikombe, nywele hazikuota tena pale, nikimsuka nilikua napitisha mistari pembeni yake na yeye ananiambia hapo pita tu, hapo ni pa mtungi.

Ndo maana nasema laleni. Siku mnayofika, jioni tafuteni mwenyeji awapeleke kwa bibi mmoja mkae nae mkekani awasimulie, na msiende mikono mitupu, sukari na mche wa sabuni vinatosha.

Mwenye goti asiachwe, mji wenyewe uko juu na anayepanda mlima ni Kosta, yeye apewe siti ya mbele na asishuke vile vijia vya bondeni. Kama kuna watoto, pale ukingoni msiwaachie mkono.

Gesti laleni wawili wawili, nendeni Julai au Agosti, maana ikishafika Oktoba ni msimu wa korosho, malori barabarani na wanunuzi kila chumba. Na dereva mwambieni mapema kwamba analala, chumba chake na chakula chake viingie kwenye mahesabu toka mwanzo, hapo ndo vikundi vingi vinagombania usiku.